Namna ya Kuifanya Jamii Iiamini Shule Jumuishi: Mwongozo kwa Walimu Wakuu na Kamati za Shule

Shule ya msingi inapotangaza kwamba sasa inapokea watoto wote, wakiwamo wenye ulemavu, tangazo hilo huwafikia watu ambao tayari wana kumbukumbu zao kuhusu shule. Yupo mama aliyempeleka mwanawe miaka michache iliyopita akaambiwa arudi naye nyumbani kwa kuwa hakuna mwalimu wa kumfundisha. Yupo baba ambaye binti yake aliandikwa kwenye orodha, akapigwa picha na kuahidiwa kiti cha magurudumu, kisha walioandika hawakuonekana tena. Yupo pia mzazi ambaye mtoto wake hana ulemavu wowote lakini anasoma katika darasa lililofurika, wanafunzi wanne wakibanana kwenye dawati moja, naye anajiuliza mwalimu huyo huyo akiongezewa mzigo mwingine atabaki na muda gani kwa mtoto wake. Tunapenda kuandika katika taarifa zetu kwamba watu hawa hawana uelewa, ilhali wana sababu, tena sababu za msingi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wakuu, kamati za shule na maafisa elimu kata wa Tanzania Bara wanaotaka kuaminiwa na watu wa namna hiyo, na msimamo wake ni kwamba jamii huiamini shule kutokana na yale inayoyaona yakitimizwa. Kwa hiyo ahidini machache, yatimizeni, ndipo mwende kuhamasisha.

Sheria mnayo, na ni vyema kila mjumbe wa kamati aifahamu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 24 ya mkataba huo inahusu elimu jumuishi. Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Na tangu Januari 2016 elimu ya msingi hutolewa bila ada kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015. Hata hivyo, msianze na sheria. Mzazi ambaye kwa miaka sita amemweka mtoto ndani akisikia kwamba kumnyima mtoto shule ni kosa, hatamleta mtoto. Atamhamishia kwa bibi yake kijiji kingine. Sheria itumieni pale ofisi au mwalimu anapokataa kumwandikisha mtoto, maana hapo ndipo mzazi anapohitaji kuona kwamba iko upande wake.

Anzeni kwa kujua watoto ni wangapi na wako wapi

Zoezi la kuwatambua watoto ndilo jamii inalolipima kwa makini kuliko mengine, kwa sababu ndilo limewahi kufanywa mara nyingi bila matunda. Kabla ya kupita nyumba kwa nyumba, kubalianeni na mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni nini kitakachofuata kwa kila jina litakaloandikwa, na ndani ya muda gani. Kama hakuna kitakachofuata, ahirisheni zoezi hilo hadi kiwepo.

Msiulize, "Humu ndani kuna mlemavu?" Swali hilo huleta jibu la hapana hata mtoto akiwa amelala chumba cha pili. Kundi la Washington, ambalo hushughulika na takwimu za ulemavu chini ya Umoja wa Mataifa, limeandaa maswali mafupi ambayo mzazi huyajibu bila kujisikia kashitakiwa: je, mtoto anapata shida kuona hata akivaa miwani, anapata shida kusikia, anapata shida kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuzingatia jambo, kujihudumia, kama kuoga na kuvaa, kueleweka anapozungumza lugha ya nyumbani? Majibu ni manne tu: hapana, shida kidogo, shida kubwa, au hawezi kabisa. Kwa watoto yapo maswali marefu zaidi yaliyoandaliwa pamoja na UNICEF mwaka 2016, na shule inayoweza kuyapata iyatumie. Maswali hayo hayatoi majibu ya kitabibu, ila yatawaonyesha nani apelekwe kituo cha afya kwanza. Baadhi ya watoto wanaodhaniwa kuwa wazito wa kuelewa wana masikio yanayotoa usaha, jambo linalotibika, au wanahitaji miwani. Hapo shule ina nafasi nzuri ya kutimiza ahadi yake ya kwanza kwa haraka, na mtaa mzima utaiona.

Orodha yenyewe ni siri. Isibandikwe ukutani, isisomwe mkutanoni, wala isitumwe kwenye kundi la simu la wazazi. Tangu katikati ya miaka ya 2000, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu za kishirikina, watoto wakiwamo, na Shule ya Msingi Buhangija mkoani Shinyanga ililazimika kuwapokea wengi wao ili wapate hifadhi. Mzazi wa mtoto mwenye ualbino anapokataa kutaja jina la mwanawe kwa wageni waliobeba karatasi, anafanya kile ambacho mzazi yeyote angefanya. Mwelezeni orodha itakaa kwenye kabati lipi, ufunguo anao nani, na kwamba hakuna picha itakayopigwa. Kisha fanyeni hivyo hasa.

Ziara ya nyumbani

Waende watu wawili, si msafara. Mwalimu mmoja, ikiwezekana mwanamke, na mzazi ambaye mtoto wake mwenye ulemavu tayari anasoma, hata kama anasoma shule ya jirani. Mzazi huyo wa pili ana uzito kuliko afisa yeyote, kwa kuwa ataulizwa maswali ambayo mwalimu hawezi kuulizwa: walimcheka? Nani alimbadilisha nguo alipojikojolea? Mume wako alisemaje?

Mkifika, pigeni hodi, salimianeni na wenyeji kama desturi inavyotaka, kaeni mlipokaribishwa, iwe kwenye mkeka au kigoda, kisha msalimieni mtoto mwenyewe. Jambo hili ni dogo kwa macho, lakini mama hulitazama kuliko maneno yote. Mwalimu anayeinama hadi usawa wa macho ya mtoto, akamwita kwa jina lake na kusubiri ajibu, hata kama jibu ni sauti tu au mkono ulionyoshwa, ameshaeleza namna atakavyomtendea darasani. Mwalimu anayemuuliza mama, "Huyu anaitwa nani, na anasikia?" huku mtoto yuko mbele yake, naye pia ameshaeleza.

Baada ya hapo ulizeni mambo ambayo mama anayajua kuliko ninyi. Mtoto anapenda nini? Akitaka kwenda haja anaonyeshaje? Anaogopa nini? Anakula mwenyewe au analishwa? Dawa anakunywa saa ngapi? Andikeni majibu mbele yake na mmsomee mlichoandika, arekebishe. Msiombe uamuzi siku hiyo. Mkimwacha mama na jambo moja tu, kwa mfano kwamba mtarudi Jumanne baada ya kuangalia kama mlango wa darasa unapitisha kiti chake, basi rudini Jumanne, hata kama jibu mlilonalo ni kwamba mlango haupitishi na fundi anakuja wiki ijayo. Kurudi siku mliyosema kuna nguvu kuliko habari njema iliyocheleweshwa.

Katika familia nyingi mama hataamua peke yake. Baba, bibi, mjomba au shangazi anaweza kuwa ndiye mwenye kauli, na pengine anaamini kwamba hali ya mtoto imetokana na kurogwa au ni adhabu. Msibishane naye kuhusu chanzo, kwa sababu mkishinda mabishano hayo mnaweza kumpoteza mtoto. Sheikh, padri au mchungaji wa eneo anaweza kusema kwa maneno machache yale ambayo ninyi mtayasema kwa saa nzima, hivyo mtembeleeni yeye kwanza, mweleweshane naye, na msimwombe mzazi yeyote aache dua au maombi yake ili mtoto asome.

Jibuni kila hofu kwa tendo lake

Nimeona mikutano mingi ambayo hofu zote za wazazi hujibiwa kwa sentensi moja kwamba watoto wote ni sawa. Sentensi hiyo ni kweli, lakini haimsaidii mzazi anayeogopa jambo mahususi. Tengeni hofu moja moja.

Kifafa ndicho kinachotisha zaidi. Watu wengi bado wanaamini kwamba povu la mgonjwa linaambukiza, na mtoto akianguka darasani wenzake hukimbia. Katika maeneo kama Mahenge, wilayani Ulanga, ambako kifafa kimeenea kuliko kawaida na watafiti wamekihusisha na minyoo inayoenezwa na usubi, hii si habari ya mtoto mmoja bali ya kaya nyingi. Mwombeni muuguzi wa zahanati aje kwenye mkutano wa wazazi na aonyeshe kwa vitendo, mtu mzima akilala chini kama mgonjwa: ondoa vitu vigumu karibu naye, weka nguo iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza kola, usimshike kwa nguvu, usiweke kijiko wala kitu chochote mdomoni, tazama saa, na mtetemo ukiisha mlaze ubavu hadi azinduke. Ukizidi dakika tano, au ukijirudia kabla hajazinduka, apelekwe kituo cha afya mara moja. Baada ya hapo waiteni wazazi wawili watatu warudie wenyewe mbele ya wenzao. Mtu aliyewahi kumgusa mgonjwa, hata wa kuigiza, hasimulii tena habari ya povu kwa namna ile ile.

Hofu ya pili ni ya matokeo ya mitihani, na inawahusu wazazi wa watoto wasio na ulemavu pamoja na walimu. Ielezeni waziwazi. Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa mitihani ya nukta nundu, yaani maandishi yanayosomwa kwa kupapasa kwa vidole, kwa wasioona na ya maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Wazazi wengi hawajawahi kusikia hayo, na wakiyasikia huanza kuona kwamba nchi inamtarajia mtoto huyu amalize elimu ya msingi. Kwa upande wa walimu, mwombeni afisa elimu kata atamke mbele ya mkutano, na iandikwe kwenye muhtasari, kwamba mwalimu anayempokea mtoto anayejifunza taratibu hatalaumiwa kwa sababu ya wastani wa darasa lake. Bila kauli hiyo, mwalimu atakubali kwa mdomo na kukataa kwa vitendo.

Kisha karibisheni wazazi waingie darasani waketi nyuma. Watamwona mwalimu akisoma kwa sauti anachoandika ubaoni, akiandika kwa herufi kubwa, akiwatazama wanafunzi anapozungumza badala ya kuzungumza na ubao, na akimweka mbele mtoto mwenye uoni hafifu mahali ambapo mwanga wa dirisha haumpigi machoni. Watagundua wenyewe kwamba mtoto wao aliyekaa dawati la mwisho ananufaika pia.

Hofu ya tatu ni choo, na kwa maoni yangu hapa ndipo shule nyingi hupoteza watoto, hasa wasichana, bila kuandika sababu. Msimwandikishe mtoto anayetumia kiti cha magurudumu kabla ya kupima. Njia ya mteremko inayopandika inahitaji urefu mara 12 ya kimo chake, yaani ngazi yenye kimo cha sentimita 15 inadai mteremko wa sentimita 180. Mafundi wengi huujenga kwa nusu ya urefu huo ili kuokoa saruji, na mtoto hulazimika kubebwa. Mlango wa choo uwe na upana wa sentimita 90 hivi na ufunguke kuelekea nje, na bomba la chuma lifungwe ukutani kwa ajili ya kushika. Kazi hii inafaa kufanywa kwa nguvu za wananchi, mawe na mchanga vikiletwa na vitongoji, kwa kuwa anayesomba mchanga wa choo cha mtoto fulani huuliza baadaye kama mtoto huyo anasoma. Gharama zote, hadi mfuko wa mwisho wa saruji, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Njia ya kwenda na kurudi shuleni nayo ina hatari zake. Wasichana wenye ulemavu, hasa wa akili na wasiosikia, huandamwa na wanaume wanaojua kwamba hawataweza kueleza. Pangeni watoto watembee kwa makundi kutoka kitongoji kimoja, pawe na mtu mzima anayejua nani hajafika, na mzazi apewe jina la mwalimu mmoja wa kumpigia simu. Msimkabidhi mtoto mwenzake jukumu la kumsukuma rafiki kila siku hadi akachoka na kumchukia; wapangieni watoto kadhaa zamu.

Yapo pia mambo yasiyogharimu chochote. Mtoto mwenye ualbino aruhusiwe kuvaa kofia pana na sare ya mikono mirefu, asipewe kazi ya nje saa sita mchana, na kamati iandike ruhusa hiyo ili mwalimu wa zamu asimvue kofia mstarini. Mafuta maalumu ya kukinga jua hutengenezwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, na mganga mkuu wa wilaya ndiye wa kuulizwa namna ya kuyapata.

Msiahidi msichoweza kutoa

Hapa lazima kusema jambo ambalo baadhi ya wahamasishaji hulikwepa. Elimu ya watoto wenye ulemavu nchini ilianza katika shule za pekee, kama Buigiri ya wasioona mkoani Dodoma iliyoanzishwa mwaka 1950 na shule ya viziwi ya Tabora ya mwaka 1963, na wapo watu wazima waliopata lugha, marafiki na kazi kutokana na shule hizo. Wanaposikia kwamba mtoto kiziwi atasoma shule ya kijiji, huuliza ni mwalimu gani anayejua Lugha ya Alama ya Tanzania. Kama hayupo, wana haki ya kupinga. Mtoto kiziwi aliyewekwa peke yake katika darasa la wanaosikia, bila mtu wa kuzungumza naye, hajajumuishwa; amekalishwa tu. Ni afadhali kata au halmashauri ikubaliane kuwakusanya watoto viziwi katika shule moja yenye walimu wa alama na wenzao wa kutosha, huku wakichangamana na wengine katika michezo na masomo yanayowezekana, kuliko kila shule kujitangaza jumuishi. Mkimwambia mzazi ukweli huo na kumsaidia kufika shule inayofaa, hamjampoteza. Atawaletea jirani yake.

Kwa sababu hiyo, watu wazima wenye ulemavu wawe ndani ya maamuzi tangu mwanzo. CHAVITA ni chama cha viziwi, Chama cha Wasioona Tanzania na Chama cha Watu Wenye Ualbino vina matawi sehemu nyingi, na SHIVYAWATA huviunganisha vyama hivyo. Hata pasipokuwa na tawi, kuna fundi cherehani anayetembelea magongo sokoni au mwalimu mstaafu mwenye uoni hafifu. Mpeni mmoja wao nafasi katika kamati ya shule, yenye kura, na mnapofanya mkutano mkuu wa kijiji mwacheni aseme kuhusu kazi yake na kodi anayolipa. Msimsimamishe mtoto mbele ya umati ili watu wamwonee huruma. Huruma ya siku moja haimfikishi mtoto darasa la pili, na mama yake hatasahau alivyotazamwa.

Semeni pia mapema kuhusu fedha. Elimu haina ada, lakini kuna sare, madaftari, na mahindi na maharage ya chakula cha mchana ambayo wazazi wamekubaliana kuchangia. Mzazi aliyeambiwa "ni bure kabisa" halafu akadaiwa debe la mahindi wiki ya pili ataamini kwamba hata ahadi nyingine zilikuwa za namna hiyo.

Daftari la ahadi

Nunueni daftari moja kubwa la jalada gumu. Kila ukurasa uwe na safu nne: tulichoahidi, nani anawajibika, tarehe ya mwisho, na kilichotokea. Lisomwe mwanzoni mwa kila kikao cha kamati na kila mkutano wa wazazi, kabla ya ajenda nyingine, bila kutaja majina wala hali za watoto. Ahadi ambayo haikutimia isomwe vivyo hivyo, pamoja na sababu na tarehe mpya. Mwanzoni walimu huona jambo hili kama kujianika, lakini mzazi anayesikia shule ikisema hadharani, "Tulisema bomba la choo litafungwa kabla ya Pasaka na halijafungwa," hupata sababu ya kuiamini inaposema kwamba kazi nyingine imekwisha.

Malalamiko nayo yawe na njia. Mzazi ajue amwone nani kama mtoto ametukanwa, amepigwa au ameachwa nje, na apate jibu ndani ya wiki moja, hata kama jibu ni kwamba uchunguzi unaendelea. Mtoto mwenye ulemavu akikosekana siku tatu mfululizo, mwalimu wa darasa afike nyumbani bila kusubiri taarifa. Utoro wake mara nyingi una chanzo kidogo kinachorekebishika, kama vile mpira wa gongo uliokatika au mtoto mkubwa anayemzuia njiani, na ukikaa mwezi mzima bila kuulizwa unakuwa wa kudumu.

Mtatambua kwamba mnaaminiwa kwa dalili mbili tatu. Wazazi wataanza kuwaletea majina ya watoto ambao hamkuwafikia. Maswali ya mkutanoni yatahama kutoka "kwa nini mnawaleta hapa" kwenda "mbona yule wangu bado hajui kusoma." Swali hili la pili ni gumu zaidi kujibu, na lisichukuliwe kama lawama, kwa sababu anayeliuliza ameshakubali kwamba mtoto huyo anapaswa kujua kusoma.

Hatari kubwa inayobaki ni uhamisho. Mwalimu mkuu aliyeyaanzisha haya huhamishwa, pengine katikati ya muhula, na mrithi wake hukuta mteremko na choo asijue ni ahadi ya nani kwa nani. Kwa hiyo daftari la ahadi, orodha iliyofungiwa kabatini na maelezo ya kila mtoto yaliyosomwa mbele ya mama yake viingizwe kwenye hati ya makabidhiano pamoja na mali nyingine za shule, na mwenyekiti wa kamati asiitie sahihi hati hiyo kabla mwalimu mkuu mpya hajazitembelea familia hizo, akiongozana na yule anayeondoka.